Teleka hashibi tofali

Kwa miaka kadhaa sasa Waingereza wamekuwa wakibishana juu ya tofali. Ndani lina uwazi, na mbele lina tundu jembamba la kupenya ndege mmoja. Hujengewa juu ukutani, karibu na paa, na likishakaa halidai matunzo yoyote. Anayekusudiwa ni teleka, yule ndege mweusi mwenye mbawa ndefu zilizopinda ambaye wengi wetu humchanganya na mbayuwayu. Novemba 2022 mwandishi Hannah Bourne-Taylor alisimama Hyde Park, London, mwili wake umechorwa manyoya, akadai sheria ya kulazimisha kila nyumba mpya iwe na tofali la aina hiyo. Ombi lake lilivuka saini 100,000, na tarehe 10 Julai 2023 wabunge wakalijadili. Sheria haikupatikana. Sera ya mipango ya ujenzi ya England iliyotolewa Desemba 2024 inamtaja teleka kwa jina miongoni mwa viumbe wa kufikiriwa mtu anapojenga, lakini kufikiriwa hakumlazimishi mjenzi kufanya lolote. Halmashauri ya Brighton and Hove ilikuwa imetangulia: tangu 2020 imeweka sharti la matofali hayo kwenye majengo mapya yanayozidi urefu wa mita tano.

Naiunga mkono sheria hiyo bila kusitasita. Teleka wa Ulaya alikwisha kuhamia kwa binadamu karne nyingi zilizopita: kwenye penu za nyumba, minara ya makanisa, nyufa za kuta za mawe. Kila mwaka hurudi kwenye tundu lile lile. Nyumba inapokarabatiwa ili isipoteze joto, mafundi huziba kila upenyo, na Mei inayofuata ndege aliyetoka Afrika huja kujigonga ukutani pale palipokuwa na mlango wake. Idadi ya teleka Uingereza imeshuka kwa zaidi ya nusu tangu 1995, na Desemba 2021 aliingizwa kwenye orodha nyekundu ya ndege wa nchi hiyo. Bei ya tofali ni kitu kidogo mno mbele ya gharama ya nyumba nzima. Tena si teleka peke yake anayefaidika, maana shomoro nao huyatumia. Mjenzi anayelalamika kwamba jambo hili litampandishia gharama hajaleta hoja ya kumsikiliza.

Wasiwasi wangu uko kwingine. Kote Uingereza kuna vikundi vya mitaa vya watu wanaojitolea kwa ajili ya ndege huyu. Wanapanda ngazi kutundika masanduku ya viota, wanapiga sauti za teleka kwa spika ili kuwavuta ndege vijana wanaotafuta makazi, wanakaa nje jioni za Juni kuhesabu makundi yanayopita kwa kasi juu ya mapaa. Kazi yao ni ya kuheshimiwa. Ila ukisikiliza wanavyoelezea mafanikio yao, kinachohesabiwa mara nyingi ni masanduku: mangapi yametundikwa, mangapi yamepata wapangaji. Habari ya chakula hupewa sentensi moja mwishoni, kama ipo. Hapo ndipo naona harakati hizi zimesimama nusu ya njia.

Chakula cha teleka kinaeleweka vizuri ukianzia Oxford. Mwishoni mwa miaka ya 1940, David Lack alianza kuwachunguza teleka waliokuwa wakizaliana kwenye mnara wa makumbusho ya viumbe ya chuo kikuu cha huko. Masanduku yaliwekwa nyuma ya matundu ya hewa, na upande wa ndani yakatiwa kioo, hivyo mtu aliweza kuketi mnarani akaona kinachoendelea kiotani bila kumshtua ndege. Mzazi hufika koo limetuna. Ndani yake mna tonge moja la wadudu, limegandamana kwa mate, na ndani ya tonge hilo mnaweza kuwa na wadudu 300 hadi 1,000: vidukari, nzi wadogo, mbawakawa wadogo, hata buibui wachanga wanaopeperushwa na upepo wakining'inia kwenye nyuzi zao. Siku ya hali nzuri wazazi wawili huleta maelfu kwa maelfu. Lack aliona pia kwamba nyuki waliokuwamo kwenye matonge walikuwa madume, wasio na mwiba. Ndege anayeruka kwa kasi ile humtofautisha nyuki wa kuuma na asiyeuma akiwa angani, kisha anafunga mdomo.

Mvua inyeshe siku tatu, na kila kitu kinabadilika. Wadudu hawapandi juu kwenye baridi. Wazazi huondoka, wakati mwingine wakasafiri mamia ya kilomita kuikwepa mvua, na makinda hubaki peke yao. Wenyewe wameumbiwa njaa hiyo: joto la mwili hushuka, mwili hulegea, akiba ya mafuta huliwa kidogo kidogo, na kinda anaweza kukaa siku kadhaa hivyo kisha akaamka mzazi akirejea. Ndiyo maana kinda mmoja huruka akiwa na umri wa wiki tano na mwingine akiwa na wiki nane, kwa kadiri anga lilivyolisha. Lakini ustahimilivu una kikomo. Mvua ikizidi, au wadudu wakiwa wachache hata siku za jua, kitakachobaki kiotani ni makinda waliokufa, na sanduku ni zima kabisa.

Mtu mwenye huruma atauliza: kwa nini tusiwape chakula, kama watu wanavyowawekea ndege wengine mbegu bustanini? Haiwezekani. Teleka hatui kwenye sahani wala kwenye tawi. Anakula akiruka, anakunywa akiruka, na mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lund, Uswidi, walionyesha kwamba baadhi yao hukaa hewani miezi kumi mfululizo, kuanzia wanapoacha viota mpaka wanapovirudia. Binadamu anaweza kumlisha kwa mkono yule tu aliyeanguka, na hapo wema usio na ujuzi unaua. Kinda anaokotwa, anapewa mkate, maziwa au chakula cha paka. Anaonekana ameshiba, anaongezeka hata uzito, lakini manyoya yanaota dhaifu, na manyoya hayo ndiyo yanayotakiwa kumbeba hadi Afrika. Frankfurt, Ujerumani, kuna kliniki ya teleka pekee, na wanacholisha ni wadudu, hasa nyenje. Kumrusha juu ili "ajifunze" nako ni kosa kubwa. Akishatoka kiotani teleka hafundishwi wala halishwi na mzazi tena, hivyo mwili usiokuwa tayari utaanguka tu. Aliyemwokota amweke kwenye boksi lenye matundu ya hewa, mahali patulivu, atafute mtaalamu siku hiyo hiyo.

Kwa hiyo chakula cha teleka wa porini kinatoka mahali pamoja tu: kwenye ardhi. Mdudu anayeliwa mita hamsini juu ya mtaa alizaliwa kwenye udongo, kwenye nyasi zisizokatwa, kwenye matope ya kidimbwi, kwenye jani la mti. Hewa yenye joto ikampandisha. Anayetaka teleka waongezeke na hana la kusema kuhusu udongo na maji ya mtaa wake, bado hajaigusa njaa yao.

Mpinzani makini atanisimamisha hapa, na ana haki. Ushahidi wa kwamba njaa ndiyo inayowamaliza teleka haujanyooka. Ni kweli kwamba mwaka 2017 watafiti waliochambua mitego ya Krefeld, Ujerumani, walitangaza kupungua kwa zaidi ya robo tatu ya uzito wa wadudu warukao katika miaka 27, tena ndani ya maeneo ya hifadhi. Lakini Uingereza kwenyewe, taasisi ya Rothamsted imekuwa ikinyonya wadudu kutoka hewani tangu miaka ya 1960 kwa mabomba ya urefu wa mita 12 hivi. Takwimu za vituo vinne za kati ya 1973 na 2002 zilipochambuliwa, ni kituo kimoja tu, cha Hereford, kilichoonyesha anguko la wazi. Na utafiti mwingine, uliochapishwa katika jarida la Ibis, ulipolinganisha maisha na uzazi wa teleka na hali ya hewa pamoja na uzito wa vidukari, ulikuta alama ya hali ya hewa na haukukuta alama ya vidukari.

Nimelipima hili, na sioni kwamba linaivunja hoja. Vidukari ni sehemu tu ya tonge. Nzi, mbawakawa na wadudu wanaozaliwa majini hawakuwamo kwenye hesabu ile. Halafu hali ya hewa humfikia kinda kupitia chakula: mvua humnyima wazazi, na wazazi humnyima tonge. Pale wadudu walipo tele, siku mbili za jua kati ya mvua zinatosha kufidia. Pale walipo haba, siku hizo hizo hazitoshi. Kwa kuwa hatuwezi kuiamuru mvua ya Juni, tunachoweza kushika ni wingi wa wadudu siku jua linapotoka.

Siasa nayo inanisukuma upande huo huo. Serikali inaweza kulisifu tofali huku ikiruhusu sumu. Mwaka 2022, 2023 na 2024, Uingereza ilitoa kibali cha dharura cha kutumia thiamethoxam, dawa ya kundi la neonikotinoidi iliyokwisha kupigwa marufuku mashambani, ili kuokoa viazi-sukari. Kibali cha 2025 kilikataliwa. Wakulima walikuwa na shida ya kweli, maana vidukari hueneza virusi vinavyogeuza majani kuwa ya njano na kupunguza mavuno, wala sipendi kuwafanya wao maadui. Lakini sumu haimo mashambani tu. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex waliripoti kwamba fiproni, dawa inayopakwa mbwa na paka dhidi ya viroboto, ilipatikana katika asilimia 98 ya sampuli za maji kutoka mito 20 ya England. Mwenye paka aliyetundika sanduku la teleka ukutani anaweza kuwa anaua, bila kujua, wadudu wa mtoni ambao teleka huyo angewaokota juu ya maji siku ya baridi. Kila mmoja anaweza kuanza na swali kwa daktari wake wa mifugo: je, dawa hii ni lazima kila mwezi, hata kama mnyama hana kiroboto?

Nasi wa upande huu tumo ndani ya jambo hili. Teleka hukaa Uingereza kama miezi mitatu tu. Vifaa vidogo vya kurekodi mwanga walivyofungwa vimeonyesha kwamba hutumia sehemu kubwa ya miezi inayobaki Afrika, hasa juu ya misitu ya Kongo, na baadhi husogea hadi pwani ya Bahari ya Hindi. Ukitazama juu baada ya mvua za kwanza, kumbikumbi wanapofumka ardhini, utaona makundi ya ndege weusi wakizunguka mbele ya wingu linalofuata, hawapigi mbawa sana, wanakata tu hewa midomo wazi. Ndani ya kundi hilo mnaweza kuwamo wageni wa Ulaya pamoja na wenyeji wetu: teleka mdogo anayejenga viota vya makundi chini ya madaraja na vibaraza vya maghorofa, na yule mwembamba anayegandisha mayai yake kwa mate kwenye makuti ya mivumo. Ardhi ikinyunyizwa dawa ovyo, wote wanakosa. Rangi inapopakwa daraja na mafundi wakakwangua viota vyenye makinda, hilo ni tatizo lile lile la Uingereza, ila huku hakuna aliyelipeleka bungeni.

Ningependa vikundi vya teleka vibadilishe kinachohesabiwa. Kikundi chenye masanduku kumi kiandike kila mwaka ni makinda wangapi waliruka, waliruka na umri gani, na siku zipi za Juni na Julai zilikuwa za mvua. Baada ya miaka michache watakuwa na kitu cha kuweka mezani halmashauri inapojadili ratiba ya kukata nyasi za kando ya barabara, dawa ya kuua magugu njiani, au kufukia kidimbwi ili kupanua maegesho ya magari. Mwaka ambao jua lilikuwepo na makinda bado walichelewa kuruka utawaonyesha mahali pa kutazama. Viongozi wa halmashauri hawasomi jarida la Ibis, lakini takwimu za mtaa wao wenyewe, zilizoletwa na wapiga kura wao, watazisoma. Na mkutano wa kuwapelekea takwimu hizo ufanyike Februari, kabla mashine za kukata nyasi hazijaanza kazi.