MAZUNGUMZO NA PASTA: Ubao wa gitare, mweusi ao mwekundu?

Mwezi huu tuache kidogo mambo ya mahari na ya watoto wanaokimbia masomo kwenda machimboni. Barua ya kwaya moja imelala mezani kwangu tangu wiki tatu. Wanaandika: «Papa Pasta, tumekusanya makuta mwaka muzima. Kuna gitare mbili. Moja ubao wake wa vidole ni ebeni, nyeusi kabisa, bei iko juu. Ingine ni palisandri, rangi ya kahawia, bei nafuu. Ndugu wawili wamegombana na mmoja haji tena ku mazoezi. Tuchukue gani?»

Mtu asicheke. Solomono mwenyewe alichagua mti kwa ajili ya vinubi na vinanda vya waimbaji. Soma 1 Wafalme 10:12. Na Ezekieli, sura ya 27, anataja mpingo pamoja na pembe za ndovu katika biashara ya Tiro. Mti mweusi ulikuwa mali tangu zamani.

Ubao wa vidole ni ile mbao nyembamba iliyogundishwa juu ya mkono wa gitare, ndani yake wamepigilia vile vyuma vidogo vya kulala. Hapo ndipo vidole vinabonyeza kamba. Kamba za chuma zinasugua, kucha zinakula, jasho linaingia. Kwa hiyo mti laini utapata mashimo upesi chini ya kamba. Ni sababu hiyo watu wanatafuta mti mgumu, si kwa uzuri tu.

Ebeni ya misitu yetu ya Afrika ya Kati, ya Kameruni, ya Gabon na ya Kongo pia, ni nzito: metre cube moja inakaribia kilo 950. Ni laini mkononi kama kioo, na haimalizike upesi. Palisandri ya India ni karibu kilo 830. Ina mafuta yake ndani, kwa hiyo inavumilia. Erabli, mti mweupe wa Ulaya na Amerika, ni karibu kilo 700, na lazima ipakwe vanishi, la sivyo inachafuka na jasho. Mulombwa wetu, ule wa milango na vitanda, ni mwepesi zaidi, tena una vitundu vingi. Fundi akiukausha vizuri unafaa kwa gitare ya kujifunzia.

Na sauti? Wapiga gitare wanasema ebeni inatoa sauti kali na ya wazi, palisandri sauti ya joto. Labda. Mimi ninaona sauti kubwa inatoka katika ubao wa mbele, ule wenye tundu, na katika vidole. Mwaka 1952, kule Jadotville, ni kusema Likasi ya leo, Hugh Tracey alinasa sauti ya Jean-Bosco Mwenda, na ile «Masanga» ikazunguka dunia. Watu walisikia vidole. Nani aliuliza juu ya ubao?

Lakini ebeni ina shida moja, na huku Katanga ni shida kubwa. Inanywea sana wakati wa ukavu. Mwezi wa nane na wa tisa, wakati midomo yetu inapasuka, ubao unapungua upana lakini vyuma havipungui. Ncha zake zinatoka pembeni na kukwaruza mkono. Mara ingine ubao wenyewe unapasuka. Palisandri inatulia zaidi. Dawa ni hii: chukua kisanduku cha sabuni, toboa matundu, weka ndani kitambaa kilicholowa na kukamuliwa, ukifunge pamoja na gitare ndani ya sanduku lake. Kitambaa kisidondoshe maji. Ubao ukikauka, paka tone la mafuta ya parafini ya farmasi (si petroli ya taa!) kisha pangusa. Mawese hapana, yanaoza na kunuka. Na ubao wenye vanishi usipake mafuta yoyote.

Sasa, weusi. Hapa ninapaswa kuungama. Miaka michache iliyopita nilitumwa na baraza la kanisa kununua gitare. Mwuzaji akaniambia ebeni, mimi nikasimama mbele ya kanisa nikasema ebeni. Jumapili ya tatu mpigaji wetu alisalimia watu mlangoni na vidole vyeusi kama mtu wa makala, na kitambaa cheupe cha mama mmoja kikapata alama nne. Ilikuwa rangi tu, mti mweupe chini. Makuta yalikuwa ya sadaka. Nilirudi mbele ya baraza, nikaeleza, nikalipa tofauti kidogo kidogo miezi saba.

Kwa hiyo pangusa kwanza na kitambaa cheupe chenye mafuta kidogo. Tazama mwisho wa ubao karibu na tundu, pale rangi haifike vizuri. Tena msiogope mistari ya kahawia. Mwaka 2011 kampuni Taylor ya Marekani, pamoja na Madinter ya Hispania, ilinunua kiwanda cha ebeni huko Yaoundé. Wakakuta wakataji wanaangusha miti, na ile yenye mistari wanaiacha ioze msituni, sababu wateja wanataka nyeusi tupu. Wao wakaanza kutumia hata ya mistari, na inafanya kazi ileile.

Palisandri nayo ina sheria. Ile ya Brazili imekatazwa katika biashara ya dunia tangu 1992. Zingine zote zinahitaji kibali tangu 2017, ingawa gitare iliyokwisha kutengenezwa ilipata nafuu 2019. Mwaka uleule mukula wetu mwekundu nao uliingia katika orodha. Fundi akikuambia ana ubao wa mukula, muulize ulitoka wapi.

Basi, wapendwa wa kwaya: chukueni palisandri. Na makuta yatakayobaki, nunueni sanduku gumu na kamba za kubadilisha. Na yule ndugu asiyekuja, aende mwenyewe dukani na kitambaa cheupe.

Gitare yangu ya rangi ingali hapa. Niliikwangua na karatasi ya msasa, sasa ubao ni mweupe kama muhogo. Watoto wa shule ya Jumapili wanaipiga.