Chai Iacheni Iwe Chai

Kiswahili chetu kimelifanyisha neno chai kazi nyingi. Chai ni kinywaji. Chai ni mlo mzima wa asubuhi: ukiulizwa "umekunywa chai?" unaulizwa kama una kitu tumboni. Chai ni ile noti inayokunjwa barabarani na kupita mkono hadi mkono. Vijana wa Bongo nao wakisema "hiyo chai" wanamaanisha uongo. Sasa tumeipa kazi ya tano: chai ni daktari. Hii ya tano ndiyo ninayoipinga, na nitaipinga nikiwa na kikombe mkononi, manake sina ugomvi na majani. Ugomvi wangu ni na maneno yanayobandikwa kwenye boksi.

Ukitaka kuyasikia, anzia Malindi mjini. Huko chai ya kijani inauzwa kwa lugha ya urembo: inayeyusha mafuta, inang'arisha ngozi, inasafisha mwili. Halafu panda matatu, vuka daraja la Sabaki, pita Mambrui, ushuke Gongoni. Boksi ni lile lile ila lugha imebadilika. Sasa inatibu presha, sukari, vidonda vya tumbo, uzazi uliokwama na nguvu za kiume, zote kwa kijiko kimoja. Mjini wanauza kiuno, kwetu Magarini wanauza uhai. Na bei si mchezo: nimeliona boksi likiuzwa kwa pesa ambayo kibarua wa mashamba ya chumvi haipati kwa siku moja.

Hebu tuanze na mmea wenyewe. Chai ya kijani, chai nyeusi, chai nyeupe, zote zinatoka kwenye kichaka kimoja, Camellia sinensis. Tofauti iko kiwandani. Jani likisagwa na kuachwa likutane na hewa, linabadilika rangi na kuwa ile nyeusi tunayoijua. Likipigwa joto mapema kabla halijabadilika, linabaki kijani. Hata ile ya zambarau iliyotolewa kwa wakulima na watafiti wa Kericho mwaka wa 2011 ni aina tu ya kichaka hicho hicho. Kwa hivyo anayekwambia chai ya rangi ya mama yako ni sumu na ya kwake ni tiba, anakuuzia ndugu wawili wa tumbo moja, mmoja malaika na mwengine shetani.

Na kichaka hicho si kigeni. Kilipandwa Limuru mwaka wa 1903. Mnada wa chai ya Afrika Mashariki uko Mombasa, mwendo wa saa chache kutoka kwetu, tangu 1969. Sisi watu wa pwani hatulimi chai, lakini mzigo wa nchi nzima, pamoja na wa Uganda na Rwanda, unapita mlangoni petu ukielekea melini. Sehemu kubwa yake inauzwa kwa jumla, haina jina wala hadithi. Hadithi inaongezwa baadaye, na hapo ndipo bei inapopanda. Ukilipa mara kumi kwa boksi lenye picha ya mlima wenye ukungu, jua unalipia ukungu.

Sasa nisije nikaambiwa napinga sayansi. Sayansi ipo, na mimi ndiye ninayetaka isomwe hadi mwisho. Mwaka wa 2013, Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya majaribio ya tiba na kuyapima upya, walipitia majaribio 11 ya chai na magonjwa ya moyo. Walikuta chai ya kijani inaweza kushusha kidogo kolestro mbaya na presha. Chai nyeusi pia! Kisha wakasema majaribio ni machache na madogo, kwa hivyo tusikimbilie kuhitimisha. Mwaka mmoja kabla, walikuwa wamepitia majaribio ya chai ya kijani na kupunguza uzito. Jibu: uzito uliopungua ulikuwa mdogo mno, hauna maana kitabibu. Huo ndio ushahidi wa ile "inayeyusha mafuta."

Watanitajia Wajapani. Ni kweli, mwaka wa 2006 ulichapishwa utafiti uliowafuatilia watu wazima 40,530 wa mkoa wa Miyagi, na wanywaji wakubwa wa chai ya kijani walikufa kwa uchache zaidi kutokana na magonjwa ya moyo na mishipa. Kwa saratani, haikuonekana tofauti. Lakini utafiti wa kuwatazama watu wakiishi hauwezi kutenganisha kikombe na maisha yote yaliyokizunguka. Mjapani yule anakunywa bila sukari, anakula samaki na mboga, na akiugua kuna hospitali inayofanya kazi. Wewe umechukua kikombe peke yake, ukatia vijiko vitatu vya sukari, ukaacha yaliyobaki Japani.

Mnajua dawa inavyothibitishwa? Hatuhitaji kwenda mbali. Kilifi mjini kuna kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome tangu 1989. Kilifi ilikuwa moja ya vituo 11 vya jaribio kubwa la chanjo ya malaria ya RTS,S, lililoanza 2009. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza chanjo hiyo itumike kwa mapana mwaka wa 2021. Miaka 12! Miaka 12 ya kuchoma sindano, kuhesabu, kufuatilia watoto wa vijiji vyetu, ndipo mtu akathubutu kusema "inasaidia", na hata hapo hakusema inamaliza malaria. Muuza chai anatibu magonjwa saba kwa video ya dakika moja, na sisi tunaona huyu ndiye mkweli kwa sababu anatabasamu.

Kisha kuna ile chai ya kupunguza tumbo. Soma maandishi madogo nyuma ya boksi. Mara nyingi utakuta sena. Nyanya zetu wa pwani wanaijua kwa jina la sanamaki, na kazi yake waliijua vizuri: ni haluli. Walikupa mara moja tumbo likifunga, wakakukataza kuzoea. Leo dada wa mjini anakunywa haluli kila usiku, anashinda chooni, asubuhi anapanda mzani na kufurahi. Dada yangu, ulichopoteza ni maji. Mafuta yako hayajaguswa. Na ukizoea hivyo miezi na miezi, unapoteza chumvichumvi ambazo moyo unazihitaji ili upige sawasawa. Kitu ambacho nyanya angekupa bure na onyo juu yake, umenunua kwa pesa nyingi bila onyo.

"Lakini ni mmea tu, hauna madhara." Sentensi hii nimeisikia hadi masikio yameota sugu. Muhogo mchungu ni mmea, na kila mama wa Kigiriama anajua usipotayarishwa vizuri unaua. Utupa nao ni mmea, waulizeni samaki. Chai ya kijani ya kikombe haina neno kwa watu wengi. Lakini ikikamuliwa na kushindiliwa kwenye vidonge ni jambo jengine: mwaka wa 2018 Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilisema vidonge vinavyotoa miligramu 800 au zaidi za EGCG, ile kemikali inayosifiwa kwenye chai ya kijani, kwa siku moja vinaweza kuleta dalili za kuumia ini.

Na kuna madhara ya kikombe cha kawaida ambayo hakuna anayeyataja, kwa sababu hayauzi. Chai, iwe kijani au nyeusi, ina tanini zinazoyashika madini ya chuma yaliyo kwenye vyakula vya mimea na kuyazuia yasiingie mwilini. Fikiria sahani ya kwetu: sima, mchicha, kunde, mbaazi. Chuma chetu kingi kinatoka humo, nyama ni ya sikukuu. Sasa mama mjamzito anaambiwa anywe chai ya kijani vikombe vitano, pamoja na chakula, "kuongeza damu." Kliniki imempa vidonge vya kuongeza damu, anavimeza kwa chai hiyo hiyo. Mkono mmoja unapewa, mwengine unanyang'anywa. Na kukosa damu wakati wa kujifungua si hadithi ya mitandaoni. Watu wanazikwa.

Shangazi yangu anaishi upande wa Marereni. Ana presha. Zahanati walimpa vidonge na kadi yenye tarehe za kurudi. Akaja mtu na boksi, akamwambia vidonge vinachosha figo, chai inang'oa ugonjwa na mizizi yake. Shangazi akavifungia vidonge ndani ya kopo la maziwa, akanywa chai miezi mitatu, na kwa kweli alijisikia vizuri, kwa sababu presha haiumi. Siku alipoanguka alikuwa anatoka kuteka maji. Mkono wa kulia hadi leo haushiki kitu. Aliyemuuzia hana duka la kurudia wala namba inayopatikana.

Ndiyo maana sikubali kuambiwa haya ni mambo madogo, kila mtu anywe anachotaka. Magarini tuna sababu ya kuogopa mtu anayetuambia tuachane na hospitali. Msitu wa Shakahola uko kwetu. Mwaka wa 2023 ilianza kufukuliwa humo miili ambayo hesabu yake ilipita 400, ya watu walioaminishwa kwamba kujinyima chakula ni njia ya wokovu. Sisemi muuza chai ni sawa na yule. Nasema mlango ni ule ule: mtu mgonjwa, zahanati iliyo mbali, na sauti tamu inayosema daktari hakujui kama ninavyokujua mimi.

Na tusiwalaumu wanaonunua. Mtu hutafuta tiba kwenye boksi pale anapofika zahanati akaambiwa dawa zimeisha, arudi wiki ijayo, na nauli ya boda hana. Mwaka wa 2006 Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilitoa ripoti ya uchunguzi wake kuhusu uzalishaji wa chumvi Magarini. Wenyeji walilalamikia ardhi, hali ya vibarua, na maji matamu kuingiwa na chumvi. Maji, jamani! Unamwambia mtu "kunywa chai ya kijani usafishe mwili" na hujamuuliza maji ya kuichemshia anayatoa wapi. Kwetu kuna nyumba ambazo jioni hakuna sima, kuna strungi: maji, majani, sukari, watoto wakalala. Kwa nyumba hizo chai imeshakuwa chakula. Leo tunataka iwe na hospitali pia. Kikombe kimoja kitabeba kazi ya serikali ngapi?

Najua kuna atakayesema nawadharau wazee na dawa zao. Hapana. Hawe yangu alichemsha mwarobaini, mchaichai na tangawizi, na ninavinywa mpaka leo. Ila hawe alikuuliza maswali kabla ya kukupa. Una mimba? Umekula? Unaumwa tangu lini? Alikupa kipimo, siku tatu basi, na usipopona alikuwa wa kwanza kusema mpelekeni hospitali. Alikujua, na ungemkuta pale pale kesho ukija kulalamika. Anayeuza boksi kwa jina la "asili" ameiba heshima ya hawe na kuacha uangalifu wake.

Kwa hivyo ninyi mnaosoma hapa, wenye simu, wenye wafuasi, mnaotumiwa boksi za bure mkapige nazo picha: acheni kutangaza tiba msizoweza kuzitetea. Kabla ya kusambaza, uliza maswali matatu. Imejaribiwa kwa nani? Inagongana na dawa gani? Ikinidhuru, nimshike nani? Akikosa jibu la hata moja, mwache na boksi lake. Na ukiwa na presha au sukari, usiache vidonge kwa sababu ya mtu yeyote asiyekupima.

Kama unapenda chai, kunywa. Subiri saa moja au zaidi baada ya chakula, hasa kama una mimba au damu yako ni ndogo. Kwenye mchicha kamulia limau, linasaidia chuma kuingia. Punguza sukari: vikombe vitatu vya vijiko vitatu ni gramu 36 hivi, na Shirika la Afya Duniani lingependa usizidi 25 kwa siku nzima. Iache ipoe kidogo, kwani tangu 2016 vinywaji vya moto kupita nyuzi 65 vimewekwa kwenye orodha ya vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani. Yote haya ni bure, ndiyo maana hakuna anayeyatangaza.

Na zile pesa za boksi? Nunua mayai. Lipa boda umpeleke mama kliniki. Na nguvu tunazotumia kubishana kijani ni bora au nyeusi, tuzipeleke kwenye baraza la kaunti, tuulize maji ya Gongoni na dawa za Marafa zitakuja lini. Hapo tukipewa chai, ya kikombe au ya noti, tuikatae. Tunataka jibu.