Udhuru wa "Dukani Hakuna Mtu"

Ndugu Waislamu, miongoni mwa nyudhuru zinazosikika sana hapa Pasua, Moshi, ni ule wa "dukani hakuna mtu". Aliyeajiriwa huomba ruhusa akaenda kuzika. Aliyejiajiri hana bwana wa kumwomba, na ndiye asiyeonekana. Genge au cherehani ni mali yake, nayo imemfunga tangu Alfajiri mpaka baada ya Isha. Jirani akifiwa, hutuma rambirambi kwa simu. Maziko yakiwa kule juu mlimani, huhesabu kwanza mauzo ya siku atakayoyakosa. Huzungumza na watu wengi kutwa nzima, asijue ni yupi kati yao ana mgonjwa nyumbani.

Hatuidharau biashara. Abubakar (RA) aliuza nguo. Abdurrahman bin Auf (RA), alipohamia Madina na nduguye wa Kiansari akataka kumgawia nusu ya mali yake, alimwombea baraka kisha akauliza soko liko wapi.

Hata hivyo soko lina gharama yake. Imepokewa na Bukhari kwamba Abu Musa al-Ash'ari (RA) alibisha hodi kwa Umar bin Khattab (RA) mara tatu, hakujibiwa, akaondoka, kama alivyofundisha Mtume (SAW). Umar hakuijua hadithi hiyo. Ilipothibitishwa na Abu Said al-Khudri (RA), alikiri kwamba shughuli za masokoni ndizo zilizomkosesha.

Lakini Umar huyo huyo ndiye aliyepatana na jirani yake wa Kiansari wapokezane zamu: leo huyu ateremke kwa Mtume (SAW), kesho yule, na aliyekwenda amletee mwenzake habari za siku ile.

Wenye maduka yanayotazamana wanashindwa nini? Mmoja aandikiwe bei, aangalie milango miwili saa ya maziko. Safari nyingine zamu igeuke. Tuseme kweli, kikwazo si muda. Tunaogopa jirani atayaona mauzo yetu, au atatuchukulia wateja. Kina mama wa maandazi wametutangulia katika hili: huachiana meza na fedha bila karatasi wala shahidi.

Sala ya Ijumaa tu ndiyo isiyo na zamu kwa wanaume. Kwa aya ya 9 ya Suratul Jumu'a, saa hiyo milango yote miwili hufungwa.