Tumbo linalouma kila Jumatatu

Saa kumi na moja alfajiri. Sare imeshapigwa pasi, uji uko mezani, lakini mtoto wa darasa la saba amekaa kitandani kashika tumbo. Jumamosi alicheza mpira mpaka magharibi bila kulalamika. Leo Jumatatu, nusu kikombe cha uji kinamshinda. Kituo cha afya wameshampima mara mbili na hawakuona ugonjwa.

Hapo wazazi wengi huamua kwamba anadeka au anakwepa shule. Si lazima iwe hivyo. Hofu huumiza mwili kweli, na anayeumwa hasikii tofauti.

Mtu akihisi hatari, tezi zilizo juu ya figo humwaga homoni ya adrenalini kwenye damu. Moyo huenda mbio, misuli hukaza, na damu hupungua tumboni ili iende kwenye misuli. Mwili unajiandaa kukimbia. Mtihani wa hisabati haukimbiwi, kwa hiyo maandalizi hayo huishia kuwa tumbo la kusokota, kichefuchefu, kichwa kuuma na viganja kutoa jasho. Akipumua haraka haraka, hutoa hewa ya ukaa kupita kiasi, ndipo huja kizunguzungu na ganzi ya vidole.

Hata hivyo, ugonjwa ndio utafutwe kwanza. Homa, kutapika mfululizo, damu kwenye choo, kupungua uzito, maumivu yanayomwamsha usiku au yaliyokaza upande wa kulia chini ya kitovu, ambayo huweza kuwa ya kidole tumbo, ni dalili za kumpeleka hospitali bila kusubiri.

Vipimo vikiwa safi, mfundishe kupumua. Akae, aweke mkono tumboni. Avute hewa kwa pua akihesabu hadi nne, kama anayenusa pilau, kisha aitoe kwa mdomo akihesabu hadi sita, kama anayepoza uji. Dakika tano zinatosha. Kutoa pumzi taratibu hupunguza mapigo ya moyo. Fanyeni pamoja kila jioni akiwa ametulia, ili asubuhi ya hofu mwili uwe umeshazoea.

Angalia na usingizi. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji saa 9 hadi 12. Anayelala saa tano usiku kwa ajili ya masomo ya ziada na kuamshwa saa kumi na moja amelala saa 6 tu. Na usimzoeshe dawa za maumivu kila asubuhi. Baadhi yake, kama diklofenaki, huchubua tumbo.

Pumzi hutuliza mwili, lakini haiondoi chanzo. Muulize akiwa anakusaidia kuosha vyombo au mkienda dukani, si mlangoni basi la shule likipiga honi. Huenda ni mtihani. Huenda ni viboko, kudaiwa michango mbele ya wenzake, wakubwa wanaomwonea, au mtu anayemvizia njiani. Kama ni mtihani, kumbakiza nyumbani kila tumbo linapouma hukuza hofu; mpeleke, na umweleze mwalimu wa darasa. Kama kuna anayemdhuru, hilo lishughulikiwe kwanza. Tanzania ina namba 116 ya kusaidia watoto, na kuipiga ni bure. Hali ikiendelea kwa wiki kadhaa, omba rufaa ya kumwona mtaalamu wa afya ya akili.

Mtoto anayeambiwa kila siku kwamba anajifanya hujifunza kunyamaza. Tumbo litaendelea kuuma, na siku kutakapokuwa na jambo zito la kusema, hatalisema nyumbani. Asubuhi ya leo anza na maneno mawili: "Nakuamini, mwanangu."