Mabawa Hayatoshi Kumwokoa Nyuki Bambi

Wapo wanaojifariji kwamba dunia ikizidi joto, wadudu hawatadhurika: si wana mabawa, wataruka waende kwenye ubaridi! Hoja hiyo inapendwa kwa kuwa haimdai mtu chochote. Ni hoja potofu, na ushahidi upo kwa nyuki bambi, yule nyuki mnene mwenye manyoya mengi wa nchi za baridi.

Mwaka 2015, Jeremy Kerr wa Chuo Kikuu cha Ottawa, Kanada, pamoja na wenzake walichambua kumbukumbu takriban 423,000 za spishi 67, zilizokusanywa Ulaya na Amerika Kaskazini kwa zaidi ya karne moja. Upande wa kusini, nyuki hao walikuwa wamepoteza hadi kilomita 300 za makazi yao. Upande wa kaskazini, ambako walitarajiwa kusonga mbele, mpaka wao ulibaki palepale.

Kwa nini hawahami? Anayeuliza amtazame malkia majira ya kuchipua yanapoanza. Anaibuka ardhini peke yake. Kundi lake la mwaka uliopita limekufa lote. Anatetemesha misuli ya mabawa mpaka mwili upate moto wa kuruka, anatafuta shimo la panya lililoachwa, anataga, kisha anayaatamia mayai kama kuku. Siku zote hizo anahitaji maua ya karibu, na watoto wake watayahitaji hadi msimu uishe. Mahali pasipo na maua hayo hapalei kundi, hata pawe na ubaridi kiasi gani.

Joto nalo linamfuata hadi kiotani. Makinda hukua vizuri kwenye nyuzi 28 hadi 32 hivi. Likizidi, baadhi ya wafanyakazi huacha kutafuta chavua, wakabaki kupepea kwa mabawa.

Wengine husema mkosaji ni viuatilifu na kilimo tu. Viuatilifu vinaua, hilo halina ubishi. Lakini kina Kerr walivipima pia, pamoja na matumizi ya ardhi, na bado kusinyaa kule kulifuata joto.

Basi serikali na wakulima wa nchi hizo waache kungoja nyuki wajiokoe wenyewe. Wapunguze hewa ya ukaa sasa, waache kingo za mashamba zichanue, na wasifyeke vichaka vyenye kivuli.