Tutangazieni hewa kwa kimo, si kwa jina la mji

Ninaendesha basi la shule katika bonde la Salt Lake, jimbo la Utah, Marekani. Yadi ya mabasi iko chini bondeni, mita 1,300 hivi kutoka usawa wa bahari. Mtaa wa mwisho ninapopakia watoto unaitwa Olympus Cove, uko chini kabisa ya mlima Olympus, karibu mita 300 juu ya yadi. Redio ya asubuhi huzitaja sehemu zote mbili kwa jina moja, Salt Lake, na kwa tarakimu moja ya joto. Nasema hilo ni kosa. Nyumbani Tanzania tunalifanya pia, na wanaoumia ni walewale: watu wanaoamka kabla ya wengine na kufanya kazi wakipanda na kushuka mlima.

Nimezaliwa Kibosho, ubavuni mwa Kilimanjaro, na mtu wa Kibosho hahitaji kufundishwa kwamba mlima hugawa mvua. Unaondoka kihambani, shamba la nyumbani, umejitanda kanga mbili kwa sababu ya manyunyu, unashuka Moshi mjini unakuta jua na vumbi. Ukizunguka Kilimanjaro hadi upande wa Kenya, ukaingia Amboseli, unakuta nchi kavu ya ng'ombe na tembo isiyofikisha hata milimita 400 za mvua kwa mwaka. Msitu wa upande wetu, kwenye kimo cha mita 2,000 hivi, hupata zaidi ya milimita 2,000. Mlima ni mmoja.

Hewa yenye unyevu ikiukuta mlima haina pa kwenda ila juu. Ikipanda hupanuka, na ikipanuka hupoa, nyuzi 6 hivi kwa kila mita 1,000. Hewa iliyopoa haiwezi kuuhifadhi mvuke wote iliokuwa nao ilipokuwa na joto, basi mvuke hugeuka wingu, na wingu hushusha. Hewa hiyohiyo ikivuka kilele na kuteremka upande wa pili hubanwa, hupata joto, na mawingu hutoweka. Milima ya Wasatch, iliyosimama mashariki ya bonde letu kutoka kaskazini kwenda kusini, hufanya kazi ileile inayofanywa na Kilimanjaro. Tofauti ni kwamba huifanya wakati wa baridi kali, kwa hiyo kinachoshuka ni theluji.

Na hushuka kwa tofauti kubwa ajabu. Theluji rasmi ya jiji hupimiwa uwanja wa ndege, chini bondeni karibu na Ziwa la Chumvi, na kwa wastani hufika mita 1.3 hivi kwa msimu mzima. Endesha kilomita 50 hivi, takriban mwendo wa Moshi hadi Mwanga, ukipanda korongo la Little Cottonwood mpaka mji wa Alta, kwenye mita 2,600. Huko wastani hupita mita 12. Msimu wa 2022/23 Alta ilipata inchi 903, yaani karibu mita 23. Mtu anayesikia "Salt Lake itapata sentimita 5 leo" akiwa njiani kwenda kufua mashuka ya hoteli huko juu hajaambiwa chochote cha kumfaa.

Lakini si lazima kufika Alta ili uione tofauti hiyo. Zile mita 300 kati ya yadi yetu na Olympus Cove ni kama nyuzi 2 za joto. Chini kukiwa na nyuzi 2 juu ya sifuri, juu ni sifuri, na hapo ndipo mvua na theluji huachana. Asubuhi nyingi za Novemba na Machi natoka yadini waipa zinafuta maji, lami ni nyeusi, naendesha bila wasiwasi. Nikivuka barabara ya 2300 East matone huwa mazito na meupe. Nikifika Wasatch Boulevard michoro ya barabarani haionekani tena, na nyuma yangu nimeketisha watoto wa watu. Breki iliyotosha dakika 15 zilizopita haitoshi tena. Sehemu hizi za juu wenyeji huziita mabenchi, kwa kuwa ni fukwe za kale za ziwa kubwa mno la Bonneville lililojaza bonde hili wakati wa zama za barafu, na maji yake yalichonga ngazi pana kwenye ubavu wa milima. Chuo Kikuu cha Utah kimejengwa juu ya benchi mojawapo. Ukisimama hapo unaliona jiji lote chini yako, na mara nyingi unaona kwa macho mstari ambapo weupe unaishia.

Kimo peke yake hakitoshi, lazima ujue upepo unatoka wapi. Dhoruba ikikaribia, upepo huvuma kutoka kusini na kusini-magharibi, una joto kidogo na hubeba vumbi la jangwani. Magharibi ya bonde kuna milima ya Oquirrh, na upepo ukiteremka kutoka huko hufika bondeni umekauka, kwa hiyo mitaa ya upande ule hukosa kinachoanguka ng'ambo. Kisha upepo hugeuka kaskazini-magharibi, baridi huingia ghafla, na sasa hewa inausukuma ukuta wa Wasatch uso kwa uso. Hapo Little Cottonwood hujaa. Korongo lile lina milima mirefu pande tatu na hewa ikiingia hulazimika kupanda, basi theluji huendelea kushuka saa nyingi baada ya anga ya bondeni kutakata.

Kuna na Ziwa la Chumvi lenyewe. Lina chumvi nyingi mno, kwa hiyo ni nadra kuganda. Hewa ya baridi kali ikipita juu ya maji yenye joto kuliko yenyewe huchota joto na unyevu, halafu huenda kuumwagia mlima. Kila mtu hapa atakuambia theluji yetu ni ya ziwa. Jim Steenburgh, profesa wa sayansi ya anga wa Chuo Kikuu cha Utah, aliyeandika kitabu kizima juu ya theluji ya hapa mwaka 2014, ameonyesha kwamba ziwa huchangia chini ya sehemu moja ya kumi ya mvua na theluji ya msimu wa baridi. Sehemu kubwa ni kazi ya mlima na dhoruba zitokazo Pasifiki. Namheshimu kwa kulisema hilo mahali ambapo watu wanalipenda sana lile simulizi la ziwa.

Halafu huja zile wiki ambapo mambo yote niliyoeleza hupinduka. Dhoruba imepita, anga ni tulivu, bonde limefunikwa theluji na usiku ni mrefu. Hewa iliyo karibu na ardhi hupoa, na hewa baridi ni nzito, huteremka kama maji yatafutayo bonde na kutuama humo. Juu yake hukaa hewa yenye joto zaidi. Sasa Olympus Cove wanaota jua, na sisi wa chini tuko kwenye baridi, ukungu na moshi wa magari yetu wenyewe, siku baada ya siku, mpaka dhoruba nyingine ije kufagia. Moshi ule una chembe ndogo zinazopenya hadi ndani ya mapafu. Watoto wenye pumu hupanda basi wakikohoa. Na tusifiche: mitaa ya chini, upande wa magharibi, yenye barabara kuu na viwanda, ndiko kodi za nyumba zilikokuwa nafuu, na ndiko walikopangishiwa wakimbizi wengi wa Kongo na Burundi. Anayesoma tarakimu moja ya jiji hajui kwamba siku hiyo afadhali ampandishe mtoto wake milimani akavute hewa safi kwa saa mbili.

Nawazungumzia watu ninaowafahamu. Waswahili wa bonde hili wako maghalani karibu na uwanja wa ndege, wako majumbani mwa wazee huko kwenye mabenchi, wako kwenye hoteli za watelezaji wa theluji Park City. Kwenda Park City unapita korongo la Parleys, na kilele cha barabara kiko juu ya mita 2,100. Mama mmoja kutoka Fizi, huko Kongo, jirani yangu, alianza kazi huko mwezi wa Desemba. Alipofika nchini alipewa koti, buti na glovu, na somo refu la kutumia jiko la umeme. Hakuna aliyemweleza kwamba barabara ya kazini kwake hupanda mita 800 kutoka mlangoni pake. Alitoka nyumbani alfajiri barabara zikiwa zimelowa tu. Saa moja baadaye alinipigia simu akiwa ameegesha pembeni, matairi ya kiangazi, malori yanampita: "Dada, huku ni nchi nyingine." Msimamizi wake alimkata mshahara wa siku ile kwa kuchelewa. Alimwambia utabiri ulikuwa mzuri.

Utabiri haukuwa mzuri. Ulikuwa mzuri kwa bonde. Nimejifunza kuzisoma taarifa zinazotolewa na idara ya taifa ya hali ya hewa hapa, na wataalamu wale hutenganisha bonde, mabenchi na milima, hutaja kimo ambacho mvua itageuka theluji, hutaja na korongo litakaloumia. Kazi wanaifanya. Maneno hayo hupotea njiani, redioni na kwenye simu, ambako picha ya wingu na tarakimu moja hukaa mahali pa sentensi tatu. Na kwa Kiswahili hayafiki kabisa.

Linapokuja suala la maji, jimbo hili halijidanganyi hata kidogo kuhusu kimo. Milimani kuna vituo vinavyoipima theluji uzito wake vyenyewe, mchana na usiku, kwa sababu theluji ile ndiyo maji ya kunywa na kumwagilia ya kiangazi. Walowezi Wamormoni walipoingia bonde hili Julai 1847 walianza mara moja kukinga kijito cha City Creek na kukielekeza mashambani. Nilipolisoma hilo nililikumbuka shamba letu na mifongo yake, mifereji iliyochimbwa na wazee wetu kwa akili ileile. Mwaka 1983 theluji nyingi iliyeyuka kwa ghafla na kijito hichohicho kikapita katikati ya jiji, State Street ikawa mto uliozungushiwa mifuko ya mchanga, watu wakiuvuka kwa madaraja ya mbao. Aprili 2023 theluji ya jimbo ilivunja rekodi, na kijito cha Emigration kikafurika hadi majumbani. Siku hizi kuna na vumbi. Mwaka 2022 ziwa lilishuka hadi kiwango cha chini kabisa tangu lianze kupimwa, na vumbi la sakafu yake tupu likichanganyika na la jangwani hutua juu ya theluji, huitia weusi, nayo hunywa jua na kuyeyuka mapema. Msimu ule watafiti walipima karibu na Alta wakaona vumbi limeiharakisha kwa siku 17. Vipimo hivi vya kila kimo vipo kwa ajili ya maji. Anayeamka saa kumi usiku kwenda kazini naye anastahili kupata vyake.

Sasa nyumbani. Utabiri wa kila siku tunaousikia redioni husema "nyanda za juu kaskazini mashariki, mikoa ya Arusha, Manyara na Kilimanjaro". Ndani ya sentensi hiyo moja kuna migomba ya Kibosho, mbuga za Simanjiro na kilele cha Kibo chenye barafu. Fikiria wagumu wetu, vijana wanaobeba mizigo ya watalii. Huanza safari kwenye matope ya msitu, na baada ya siku chache hulala kambi ya Barafu, zaidi ya mita 4,600, ambako mvua ya chini huwa theluji na upepo hukata. Wengine hupanda na viatu vya mitumba vilivyokwisha soli. Neno "Kilimanjaro" katika utabiri linawafaa nini? Au mkulima wa Tukuyu na mwenzake wa Usangu, wote watu wa Mbeya: mmoja anaishi kwenye mvua zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, mwingine kwenye uwanda mkavu wa mpunga unaotegemea maji yashukayo kutoka milimani. Au Lushoto juu na Mombo chini, zilizotenganishwa na ile barabara ya kona tu.

Watangazaji wetu wanaweza kulibadili hili bila mtambo mpya wala fedha nyingi. Kwenye mkoa wenye mlima wataje sehemu tatu: chini, ubavuni, juu, na upepo unatoka upande gani. Sekunde 20 zinatosha. Mashirika yanayopokea wakimbizi hapa Utah yaongeze saa moja kwenye mafunzo ya wageni, ramani ya bonde ukutani, mtu aoneshe yadi, benchi na korongo. Nimejitolea kufundisha saa hiyo, na jirani yangu wa Fizi atakuja kusimulia ya Parleys.

Wakati tunasubiri, kundi letu la WhatsApp la akina mama limeanza. Saa tisa na nusu usiku nasoma taarifa ya wataalamu naandika kwa Kiswahili. Ya juzi ilisema: "Shikamooni mama zangu. West Valley na Kearns mvua, nyuzi 3. Kuanzia 2300 East kwenda juu theluji, sentimita 8, punguzeni mwendo. Parleys theluji nzito mpaka saa nne asubuhi, matairi ya baridi lazima. Anayekwenda Park City atoke saa moja kabla, na amtumie msimamizi ujumbe huu sasa hivi."