SIMU IWE MWILINI, ISIWE KATIKA KAPU



Mvuvi mmoja alinisimulia kisa chake pwani ya Mtoni, si mbali na Keko. Jioni moja upepo wa kusi ulipindua mtumbwi wake, nje ya mlango wa bandari. Simu alikuwa nayo, tena yenye chaji. Lakini ilikuwa ndani ya kapu, na kapu lilizama. Alishikilia mtumbwi usiku mzima. Alfajiri boti iliyokuwa ikipita ilimwona.

Tangu siku hiyo nawauliza wavuvi: ukianguka majini, kifaa chako kitabaki na nani?

Karibu na pwani simu inafaa. Ukienda mbali na minara, mtandao hukatika. Mimi napendelea simu ya vitufe, ile tunayoiita kitochi. Chaji yake hukaa siku kadhaa. Simu ya kugusa kioo husumbua vidole vikilowa.

Nunua mfuko wa simu usioingiza maji. Usiuamini kabla ya kuujaribu. Tia karatasi kavu ndani, ufunge, uuzamishe katika ndoo kwa nusu saa. Karatasi ikilowa, mfuko haufai. Ukifaa, ufunge kwa kamba kwenye jaketi lako la kuokolea.

Namba ya polisi ni 112. Zimamoto na Uokoaji ni 114. Eleza unachokiona, kwa mfano kisiwa cha Makatumbe kiko upande wako upi.

Kwa wanaokwenda mbali, redio ya mkononi ya VHF ni bora. Ukiita katika chaneli 16, vyombo vyote vya karibu vyenye redio iliyofunguliwa husikia. Simu humfikia mtu mmoja tu. Lakini ukiwa umekaa mtumbwini, redio hiyo haivuki kilomita nyingi. Bei yake nayo si ndogo, na leseni hutolewa na TCRA. Wanaotoka pamoja wanaweza kuchanga.

Asiye na fedha anunue filimbi ya plastiki. Haihitaji chaji wala mtandao. Piga mara tatu, pumzika, rudia. Mchana kioo kidogo kikirudisha mwanga wa jua kuelekea chombo huonekana mbali. Usiku tumia tochi.

Na kabla ya kutoka, mwambie mtu wa nyumbani saa utakayorudi. Mvuvi yule hakusema. Mkewe alidhani amelala dago, kwa hiyo usiku ule hakuna aliyemtafuta.